Tuanze na Kilichopo: Maneno kwa Asasi na Washauri wa Tanga

Hotuba kwa viongozi wa asasi za kiraia, wanavikundi na washauri elekezi wa mkoa wa Tanga, iliyotolewa Tanga mjini na kuandikwa upya kwa wasomaji.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu mlioketi hapa mbele, viongozi wa asasi, wanavikundi mliotoka Mkinga, Muheza, Pangani, Korogwe na Kilindi, na ninyi ndugu zetu mlioteremka alfajiri kutoka Lushoto: Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie fikra za utele katika kazi yetu ya asasi na ya ushauri kwa jamii. Nimekubali kwa moyo mmoja, maana naona jambo hili ndilo litakaloamua nani kati yetu atakuwa bado kazini miaka kumi ijayo. Lakini naomba niweke mpaka mapema. Tarehe 20 Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na tarehe 1 Julai mwaka huohuo shirika lake la misaada, USAID, likaacha kazi rasmi. Wengi humu mnaijua maana ya tarehe hizo kwa uchungu: mikataba imekatika katikati, na vijana waliokuwa wakiwafuatilia wagonjwa majumbani wameambiwa wasije kesho. Mtu aliyepoteza mshahara namna hiyo hahitaji kuambiwa abadili fikra. Fedha zimepungua. Atakayesimama hapa awaambie zipo tele ila hamjaziona, huyo hawatakii mema.

Utele ninaousema mimi ni nidhamu. Ni kuanza hesabu kwa kilichopo kabla ya kuhesabu kisichopo, kisha kuamua mambo kwa hesabu hiyo: tukubali mradi upi, tumshirikishe nani, tutoze shilingi ngapi, twende kijijini tukaulize nini. Mtu mwenye fedha nyingi anaweza kuishi maisha yake yote na fikra za uhaba, na kikundi cha akina mama wa mwani kinaweza kuwa na fikra za utele kikiwa na sanduku moja na daftari moja.

Uhaba una namna yake ya kumfanya mtu. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti juu ya wakulima 464 wa miwa katika jimbo la Tamil Nadu, India. Walipimwa uwezo wa kufikiri mara mbili, kabla ya mavuno wakiwa hawana kitu, na baada ya mavuno wakiwa na fedha mkononi. Mkulima yuleyule alifanya vibaya zaidi alipokuwa katika dhiki. Akili haikuwa imepungua. Ilikuwa imejaa deni, ada na unga wa kesho, nafasi ya kuwaza mengine haikubaki.

Sasa tazameni ofisi zetu miezi miwili kabla mradi haujafungwa. Asasi iliyoanzishwa kuwatetea wavuvi inaandika andiko la kuomba fedha za lishe, kwa kuwa mwaka huu lishe ndiyo yenye ruzuku. Mwakani itaandika la mabadiliko ya tabianchi, mwaka wa tatu la ujasiriamali wa vijana. Wafanyakazi wake ni watu wema na wachapakazi, lakini ukiwauliza wanachokijua kuliko asasi nyingine yoyote mkoani, wanatazamana. Tangazo la ruzuku likiingia kwenye simu ya mkurugenzi linabaki hapohapo, halipelekwi kwa jirani, kwa hofu kwamba jirani ataandika vizuri zaidi. Mshauri aliyetengeneza dodoso zuri analifungia. Orodha ya vikundi vya wilaya, iliyokusanywa kwa jasho na nauli, inakuwa siri ya mtu mmoja.

Sisi watu wa pwani hii tunajua mwenendo huo unaishia wapi, kwa sababu tumeuona baharini. Uvuvi wa baruti umekatazwa na sheria tangu mwaka 1970, lakini kwa miongo mingi mlipuko ulisikika Tanga hata mchana kweupe. Mpiga baruti ana hoja yake, na ukiisikiliza kwa haraka inaingia akilini: samaki nisipowachukua mimi leo, mwingine atawachukua kesho. Anavuna ndoo chache, anaacha tumbawe limekuwa kifusi, na tumbawe halikui kama mchicha. Hoja ile ndiyo ninayoisikia kwenye ofisi zetu kuhusu wafadhili. Tangazo la ruzuku nisipoliwahi mimi, atalichukua mwingine.

Lakini bahari hiyohiyo ina habari nyingine. Mwaka 1994 ulianza mpango wa hifadhi na maendeleo ya ukanda wa pwani ya Tanga, kwa msaada wa Ireland na shirika la uhifadhi la IUCN. Vijiji vilikaa na maofisa wa wilaya wakapanga maeneo ya kusimamiwa kwa pamoja, Mtang'ata likiwa mojawapo, upande ule wa Kigombe na Tongoni. Wavuvi, watu ambao chakula cha jioni kinategemea mshipi wa asubuhi, walikubali wenyewe kuifunga baadhi ya miamba wasiivue. Wakaingia kwenye doria. Baruti ikapungua sana. Baadaye doria zilipolegea ikarudi, na hilo tusilifiche, maana linatufundisha kwamba makubaliano ya pamoja yanahitaji kulindwa kila siku na kugharamiwa. Ila ninachotaka mkione ni ule uamuzi wa kwanza. Mvuvi maskini aliacha mwamba upumzike kwa sababu aliamini jirani yake naye ataacha. Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupewa tuzo ya Nobel ya uchumi, mwaka 2009, alitumia maisha yake kuonyesha jambo hilo: kwamba watu wenye msitu mmoja au maji mamoja ya kuvulia wanaweza kupanga kanuni zao, wakasimamiana, na mali isiishe. Kama wavuvi wetu waliweza kwa samaki, asasi zitashindwaje kwa tangazo la ruzuku?

Nifike sasa mahali ninapopajali zaidi, nako ni maswali tunayouliza vijijini.

Mnaijua safari yetu. Mshauri elekezi anafika na hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi aliyopewa, mkononi, mtendaji ameita watu, wamekaa chini ya mwembe. Zinatolewa karatasi kubwa na kalamu za rangi, unachorwa mti wa matatizo. Mizizi ni sababu, shina ni tatizo, matawi ni athari. Baada ya saa mbili kuna karatasi nzima ya yale ambayo watu hawana. Na watu si wajinga. Miradi imewafundisha kwamba anayeeleza umaskini wake vizuri ndiye anayepata, basi baraza linageuka mashindano ya shida. Mzee anayejua kaskazi na kusi, anayeweza kutazama mawingu upande wa Pemba akakwambia usitoke leo, hasemi kitu, kwa sababu anachokijua hakina tawi kwenye mti ule. Mama anayetunza daftari la kikoba, kikundi cha kuweka na kukopeshana, anayefanya hesabu ya hisa, mikopo, riba na faini za wanachama wote bila kompyuta, sisi tunamwandika: mnufaika, elimu darasa la saba.

Tumemtazama mhasibu tukamwona mhitaji. Halafu tunaandika kwenye ripoti kwamba kijiji hakina uwezo wa kusimamia fedha.

Mwaka 1993 huko Marekani, John Kretzmann na John McKnight wa Chuo Kikuu cha Northwestern walipendekeza kazi ya jamii ianzie upande wa pili: kwanza orodhesha vipaji vya watu, vikundi vyao, taasisi zilizopo na ardhi yao, kisha ndipo uulize kinachotakiwa kutoka nje. Waliiona mitaa maskini ya Chicago ikielezwa kwa shida zake tu, mpaka wakazi nao wakajiona hivyo. Wala hatuhitaji kwenda mbali hivyo. Serikali yetu yenyewe ina utaratibu wa kupanga mipango ya vijiji na mitaa unaoitwa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, na unataka wananchi waanze kwa kutazama fursa walizonazo. Utaratibu upo. Huwa tunauruka kwa sababu vikwazo huandikika haraka na mfadhili huvielewa upesi.

Swali ninalowaomba mlibebe ni hili: ni jambo gani mliwahi kulifanya wenyewe, bila mradi? Liulizeni kisha mnyamaze. Mtaletewa habari ya boma la zahanati lililojengwa kwa nguvu za wananchi mpaka kwenye linta, likisubiri kupauliwa. Mtaletewa barabara iliyolimwa kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya wanakijiji, huko milimani. Mtaambiwa msiba fulani ambapo mtaa ulisafirisha maiti, ukalisha watu na kusomesha mtoto aliyebaki. Hapo ndipo kazi yenu inaanza. Nani aliita watu? Nani alikusanya mchango, na ulikaa wapi? Asiyekuwa na fedha alitoa nini? Walipogombana, nani aliwapatanisha? Wanawake walikuwa wapi siku ya kuamua? Mwenye ulemavu alialikwa? Kwa maswali hayo mnapata ramani ya uongozi, ya uaminifu na ya fedha za kijiji, na mnagundua pia nani huwa anaachwa nje.

Kinachokosekana kiulizeni mwisho. Kitakuja kikiwa kimenyooka. Hamtasikia tena kwamba wanahitaji kujengewa uwezo. Watasema wanahitaji bati, misumari na fundi wa kupaua, maana matofali, mchanga, maji na mikono vilishatoka kwao. Hiyo ni bajeti ambayo hata mfadhili wa mwisho ataielewa, na ni deni ambalo halmashauri haiwezi kulikwepa usoni pa watu.

Na hapa naomba nitilie mkazo. Utele usigeuzwe kisingizio. Nimesikia watu wakisema jamii ina nguvu zake, basi ijitegemee, wakimaanisha kwamba wao wenye bajeti wasitoe. Kijiji kilichojenga boma kwa mikono yake kinadai kupauliwa, hakijasamehe. Vilevile mhudumu wa afya wa jamii anayetembea toka asubuhi mpaka jua kali hawezi kulipwa shukrani mwaka hadi mwaka. Kuhesabu kilichopo ni pamoja na kuhesabu jasho la watu na kulithamini kwa shilingi.

Tukizungumza shilingi, tutazame sanduku la kikoba. Vikoba vyetu vina ndugu mkubwa huko Niger, ambako mwaka 1991, katika eneo la Maradi, shirika la CARE lilianza na wanawake kuweka hisa kidogo kidogo na kukopeshana. Leo hapa Tanga huwezi kuvuka mtaa wa Ngamiani au Makorora usikutane na kikoba. Sanduku lina kufuli tatu na funguo zimeshikwa na watu watatu tofauti. Hesabu inatajwa kwa sauti mbele ya wote. Kuna mfuko wa jamii kwa ajili ya msiba na ugonjwa. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imevitambua vikundi hivi katika daraja la nne. Je, ni asasi ngapi humu ndani ambazo hesabu zake zinasomwa kwa sauti mbele ya wanachama kila wiki? Tunakwenda kuwafundisha utawala bora akina mama ambao utawala wao, kwa kipimo hicho, umetupita. Ingekuwa heshima kuwaalika wao watufundishe, tena tuwalipe kiwango kilekile tunachomlipa mwezeshaji kutoka Dar es Salaam.

Kuna fedha nyingine zilizo karibu. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya kila halmashauri hutengwa kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisitishwa mwaka 2023 ikarejeshwa 2024 kwa utaratibu mpya. Kikundi chenye katiba, daftari safi na shughuli inayoeleweka kina haki ya kuomba, na kukiandaa kikundi kufika hapo ni kazi ya ushauri iliyo halali na yenye maana kuliko semina nyingi.

Na Februari 2024 mji huu ulifanya jambo ambalo nalitaja kila ninapopata nafasi. Mamlaka ya maji, Tanga UWASA, ilitoa hatifungani ya kijani, yaani hati ya kukopa kwa umma kwa ajili ya miradi inayojali mazingira, ya miaka 10 yenye thamani ya shilingi bilioni 53.12 kwa ajili ya miundombinu ya maji, na fedha zilizopatikana zilivuka lengo. Wanunuzi walikuwapo. Akiba ilikuwapo nchini, kwenye mifuko, mabenki na kwa watu wa kawaida. Kilichotakiwa ni mpango ulioandikwa vizuri na taasisi ambayo hesabu zake zinaaminika. Maji yenyewe yanatoka Mto Zigi, na huko juu Usambara Mashariki wakulima wameungana katika UWAMAKIZI kulinda vyanzo vya mto huo. Maji tunayokunywa leo kwenye ukumbi huu yamepitia mikononi mwao. Asasi ya mazingira ya Tanga mjini inayodhani haina mshirika ifuate mto kwenda juu.

Mkoa huu unajua pia hatari ya kuegemea kitu kimoja. Mwaka 1893 Richard Hindorf alileta miche 1,000 ya mkonge, ikapona 62, na kutoka hiyo 62 likazaliwa zao lililoitawala Tanga, na Tanganyika ikafikia kuongoza duniani. Kisha zikaja nyuzi za viwandani, bei ikaanguka, na mashamba mengi yakamezwa na vichaka. Miaka yote ile sehemu iliyouzwa ilikuwa singa, yaani nyuzi za mkonge, ambayo ni chini ya asilimia 5 ya jani. Yaliyobaki yalitupwa. Ilichukua karne moja na zaidi mpaka pale Hale mabaki yale yakaanza kugeuzwa gesi na umeme. Mimi naziona asasi zetu nyingi zikiishi hivyo na mfadhili mmoja: zinauza kipande chembamba cha wanachokijua watu wao, na kingine chote, takwimu za miaka, uaminifu wa vijiji, lugha, vijana waliofunzwa, kinalala kwenye makabati.

Nije kwenye bei, kwani hapo ndipo tunaumizana. Andiko linalokwenda kwa mfadhili linapunguzwa gharama za uendeshaji mpaka zinakuwa karibu na sifuri, tukiamini ndiyo njia ya kushinda. Mwaka 2009 Ann Goggins Gregory na Don Howard waliuandika mchezo huo huko Marekani na kuuita mzunguko wa njaa: mfadhili anatarajia gharama ndogo kuliko hali halisi, asasi inazificha ili impendeze, naye mwakani anatarajia ndogo zaidi. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari lina mwandishi, na mwandishi anakula, anapanda daladala, ana watoto shule. Mwandikeni kwenye bajeti kwa jina la kazi yake. Mfadhili akiuliza, mwelezeni bila kuinama.

Washauri wenzangu, nasi tusijipunje halafu tukafidia kwa kunakili ripoti ya wilaya nyingine na kubadili majina ya vijiji. Kazi ya siku kumi itozwe siku kumi. Kama kikundi hakina uwezo na wewe umeamua kukisaidia, kisaidie kwa makubaliano yaliyoandikwa, yenye mwanzo na mwisho, kwa ubora uleule. Na ukiletewa kazi usiyoiweza, itaje wazi na umtaje mwenzako anayeiweza. Mjuzi wa hesabu anayekubali kazi ya mikoko kwa kuhofia mwezi mtupu amemnyima mteja, amemnyima mwenzake, na jina lake ameliweka rehani.

Tanga yetu inasifiwa kwa usemi wa waja leo waondoka leo. Kwa wageni wa raha ni usemi mtamu. Kwa mshauri si sifa. Tunawalaumu wanaokuja asubuhi na basi na kuondoka jioni na majibu ya watu kwenye kompyuta, lakini nasi tukipanda kwenda Kilindi au Handeni tunafanya yaleyale. Acheni kitu. Acheni dodoso kwa Kiswahili, acheni jedwali la takwimu kwa mtendaji, fundisheni vijana wawili wa hapo kukusanya na kusoma takwimu hizo. Ripoti irudi kwa Kiswahili na isomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, watu waisahihishe. Kuna anayehofu kwamba akifundisha hivyo hataitwa tena. Ataitwa kwa kazi kubwa zaidi, kwa sababu kijiji kinachosoma takwimu zake kinakuja na maswali magumu zaidi.

Sasa ya mchana. Tukishapata chakula meza zitapangwa kwa wilaya, wala si kwa aina ya asasi, kwa hiyo mtu wa afya atakaa na mtu wa mwani na mtu wa misitu. Kila asasi ije na andiko lake la mwisho lililokataliwa, pamoja na barua ya majibu kama ipo, na mezani wenzake walisome. Kwenye karatasi ya njano andikeni vitu viwili mnavyoweza kumpa mwenzenu kabla mwezi haujaisha: nafasi ya ofisi siku za Jumamosi, saa chache za mhasibu wenu, ramani, mashua, jina la mtu wa kumpigia halmashauri. Kwenye karatasi nyeupe andikeni kitu kimoja mnachohitaji, kwa jina na kwa kiasi. Washauri mtakaa pembeni mpaka meza iwaite. Tutaanza na ndugu zetu wa Kilindi, kwa sababu wao ndio wenye safari ndefu ya kurudi nyumbani.

Ahsanteni sana.